Nyota ya mtoto inatoka wapi?



Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa kikundi cha akiba. Mtoto wake wa tatu, mwenye miaka 6, anapata homa mara kwa mara. Mtaalamu wa nyota aliomba jina la mtoto na jina la mama, akafanya hesabu kwenye karatasi, kisha akasema mtoto ana nyota nzito inayofunika nyota za ndugu zake. Anataka dola 40 na kuku mweupe ili aisafishe. Baba amekubali. Mama anatuuliza: nyota ya mtoto inaweza kuwa nzito kweli? Alipe?

Tunajua swali hili si la mama mmoja. Wengi wetu tulikuwa ukimbizini Tanzania, na huko habari za nyota zilisikika kila siku. Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwezi wa Mei 2011, alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa utabiri wake. Hatutaki kumcheka mtu yeyote. Tunataka kwanza tufahamu hesabu yenyewe, maana mtu akifahamu hesabu hadanganywi kirahisi.

Elimu hii inaitwa falaki. Ilitoka kwenye vitabu vya Kiarabu, ikazoeleka pwani ya Waswahili, na pwani hiyo iliunganishwa na ziwa letu kwa njia ya wafanyabiashara waliofika Ujiji katika karne ya 19. Kila herufi ya Kiarabu ina namba yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea hadi 1000. Mtaalamu anajumlisha herufi za jina la mtoto na za jina la mama yake, halafu anatoa 12, tena 12, tena 12, hadi isiwezekane tena. Namba inayobaki ndiyo nyota. Ikibaki 1 ni Kondoo, 2 ni Ng'ombe, 3 ni Mapacha, na hivyo hivyo hadi 12 ambayo ni Samaki.

Sasa tufanye hesabu hiyo pamoja, kama tunavyofanya na watoto ubaoni. Tuseme mtoto anaitwa Ali na mama yake Amina. Ali ni 70 na 30 na 10, jumla 110. Amina ni 1 na 40 na 50 na 5, jumla 96. Tukijumlisha tunapata 206. Tukiondoa 12 mara 17, inabaki 2. Mtoto ni Ng'ombe.

Lakini Amina huandikwa pia kwa namna nyingine, yenye herufi ya ye katikati, nayo ina namba 10. Basi Amina anakuwa 106, jumla na Ali ni 216, na ukiondoa 12 mara 18 hakibaki kitu. Hapo wataalamu huhesabu 12, na mtoto yuleyule amekuwa Samaki.

Tuendelee kidogo. Tuseme nyumbani mtoto huyo anaitwa Musa. Musa ni 40 na 6 na 60 na 10, jumla 116. Pamoja na 96 ya mama tunapata 212, na inabaki 8. Sasa mtoto ni Nge, na Nge kwa watu wengi ni jina la kutisha. Mtoto hajabadilika hata unywele. Lililobadilika ni jina tulilochagua kuandika na namna tulivyoliandika. Na hapa kwetu Kongo mtoto ana jina, ana postnom, ana prénom, tena bibi yake anamwita kwa jina lingine kabisa. Mtaalamu akitaka nyota nzuri ataipata, na akitaka nyota mbaya ataipata pia.

Mtu anaweza kusema: lakini nyota za heri ziko, vitabu vinasema. Ni kweli, vitabu vya falaki vinazitaja. Mushtara ni heri kubwa na Zuhura ni heri ndogo. Zohali na Mirihi ndizo wanazoziita nuhusi. Zuhura tunaifahamu sote: kuna miezi inayoonekana alfajiri juu ya Ubwari, inang'aa kuliko nyota zote, na kuna miezi inayoonekana jioni upande wa milima. Inamwangazia mtoto wa tajiri na mtoto wa mvuvi waliozaliwa usiku mmoja. Haijachagua.

Vijana wetu wanaonyeshana kwenye simu nyota za Wachina nazo. Wachina hawahesabu jina. Wanachukua mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kila kimoja wanakipa herufi mbili, zinakuwa herufi nane. Humo wanatafuta nyota za heri. Moja inayopendwa sana wanaiita Tianyi Guiren, na maana yake wanasema ni mtukufu anayesaidia: mwenye nyota hiyo, siku ya taabu hupata mtu wa kumshika mkono. Nyota hiyo haiko angani. Ni jina la mpangilio fulani wa kalenda. Mtoto huyo huyo wa Baraka anaweza kuwa na nyota nzito kwa mtaalamu wa falaki na nyota ya heri kwa Wachina, siku moja hiyohiyo. Lakini tumependa jambo moja: hata wao wameona kwamba bahati ya mtu ni kupata mtu wa kumsaidia.

Basi mama, jibu letu ni hili: usilipe. Tena kuna jambo kubwa kuliko dola 40. Neno "nyota nzito" likishasemwa nyumbani, halirudi. Ndugu zake watalisikia. Kuku akifa, ni yeye. Baba akikosa kazi, ni yeye. Darasani tunawaona watoto wa namna hiyo: wanakaa nyuma, hawanyanyui mkono, wakiulizwa wanatazama chini. Kutoka "nyota nzito" hadi "mchawi" ni hatua moja tu. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 3. Sheria hiyo inamhusu mtaalamu, inamhusu mchungaji, inatuhusu na sisi wazazi.

Homa inayorudi ina dawa yake. Mpeleke mtoto kituo cha afya apimwe malaria, aangaliwe damu na uzito. Uliza kama analala ndani ya chandarua au kama wadogo wamemsukuma nje. Homa ikirudi baada ya dawa, mrudishe, usingoje juma zima.

Kwa baba, usiende na ugomvi. Mwambie hivi: "Baba wa watoto, tumpime mtoto kwanza, karatasi ya nyota itangoja." Akikataa, tafuta kaka yake au shangazi anayemheshimu. Na ukitaka, sisi wawili watatu wa kikundi tutakuja kumsalimia, kwa heshima.

Wamama wenye watoto wachanga, kuna jina moja linalofaa kuandikwa vizuri, herufi kwa herufi: lile la kwenye etasivili. Sheria inatoa siku 90 tangu mtoto kuzaliwa, bila malipo. Beba karatasi ya maternite. Siku hizo zikipita, njia inakuwa ndefu, unapelekwa kwa hukumu ya tribinali. Jina hilo ndilo litakalotafutwa siku ya mtihani wa taifa, na siku ya kuvuka mpaka.

Wewe mama uliyeuliza, siku ya mkutano mlete mtoto naye. Tutampa nafasi ya mbele, atusomee.

Hadi juma lijalo.