Hisani Isiwe Kisingizio cha Serikali

Mwaka 2002, mwandishi Dave Eggers na mwalimu Nínive Calegari walianzisha kituo cha 826 Valencia jijini San Francisco, Marekani. Kituo hicho, kisichoendeshwa kwa faida, hushirikiana na shule za umma: watu wa kujitolea huingia darasani kumsaidia mwanafunzi mmoja mmoja kuandika, na kazi za wanafunzi wa sekondari huchapishwa vitabuni.

Mimi ninayesahihisha insha za chuo kikuu naijua thamani ya msomaji aketiye kando ya mwandishi. Hata hivyo, ubia wa namna hii ni wa kumwongezea mwalimu mikono, si wa kuipunguzia serikali wajibu. Darasa likifurika, waajiriwe walimu. Hisani hutolewa kwa hiari, na kwa hiari yaweza kukoma.