Fereti si Pambo la Nyumbani

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, fereti ni miongoni mwa wanyama wadogo wanaofugwa majumbani kwa ajili ya maliwazo. Ni mnyama mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu, wa ukoo mmoja na kicheche wa Afrika. Binadamu wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2,000, na kazi yake ya awali ilikuwa kuwatoa sungura mashimoni. Leo watoto humtamani kwa sababu ya uchangamfu wake, na wazazi, wakiwamo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, hushawishika kwa sababu ya udogo wake. Udogo huo ndio unaopotosha. Kumfuga fereti ni uamuzi wa kiafya kabla ya kuwa uamuzi wa mapenzi.

Tiba inamfahamu mnyama huyu vizuri. Mwaka 1933, watafiti Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji yaliyosukutuliwa kooni na wagonjwa wa mafua makali huko Uingereza, wakawatia fereti puani. Fereti wakapata homa na kupiga chafya kama wagonjwa wale. Ndivyo kirusi cha influenza cha binadamu kilivyotambuliwa, na hadi leo fereti hutumika katika utafiti wa ugonjwa huo.

Kwa mfugaji, historia hiyo ina maana ya moja kwa moja: mafua makali huvuka kutoka kwa mtu kwenda kwa fereti, na huweza kurudi. Mwenye nyumba akiugua, ampishe mwingine kumlisha. Asipokuwapo mwingine, avae barakoa na kunawa mikono. Familia nyingi huuliza mnyama atawaambukiza nini. Ni chache zinazouliza zitamwambukiza nini yeye.

Maumbile yake nayo yana masharti. Fereti ni mla nyama halisi. Utumbo wake ni mfupi na chakula hupita humo kwa saa chache tu, hivyo huhitaji kula mara nyingi kwa siku chakula chenye protini na mafuta ya wanyama. Matunda, nafaka na vitu vitamu havimfai. Anapofikia umri wa makamo huweza kupata uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini kupita kiasi. Sukari ya damu hushuka, akalegea miguu ya nyuma au kuzirai. Jike asiyepandwa wala kufungwa kizazi hubaki kwenye joto kwa muda mrefu, na homoni ya estrojeni hudhoofisha uboho wake hadi kumwua kwa upungufu wa damu. Ugonjwa wa distempa unaowapata mbwa humwangamiza karibu kila mara, ilhali chanjo ipo. Kichaa cha mbwa nacho humpata, na chanjo yake ipo pia.

Kuna jambo ambalo halistahili kuachiwa hiari ya mtu: fereti asiachwe kamwe peke yake na mtoto mchanga. Watoto waliolala wamewahi kung'atwa usoni na kupata majeraha mabaya. Anayesema kwamba wake ni mpole husema kweli ya jana tu.

Wapo watakaodai kwamba tahadhari hizi zinamnyima mtu raha ya kufuga. Dai hilo lina uzito, kwa kuwa mnyama nyumbani humwondolea mpweke ukiwa na humfundisha mtoto kutunza. Lakini raha isiyo na chanjo, chakula sahihi na daktari wa wanyama anayemjua fereti ni raha ya upande mmoja. California na Hawaii, huko Marekani, zimekataza kabisa ufugaji wake. Si lazima kila nchi ifuate njia hiyo, ila kila kaya inapaswa kujipima.

Kwa mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki anayevutiwa na picha za video, kipimo hicho kina jibu la mapema. Fereti hawezi kujipoza kwa jasho, na joto linalozidi nyuzi 30 humweka hatarini. Mji ambao jua la mchana hufikia kiwango hicho kwa miezi mingi si kwao. Paka aliyechanjwa anatosha.

Waganga nao wana wajibu. Swali la kama kuna mnyama nyumbani, na ni wa aina gani, lingepaswa kuulizwa sambamba na swali la dawa anazotumia mgonjwa. Ni swali la nusu dakika. Mgonjwa mwenye kikohozi, mama anayekaribia kujifungua na mzee mwenye kinga dhaifu wanastahili kuulizwa, maana magonjwa ya nyumba moja hayachagui baina ya anayelala kitandani na anayelala kizimbani.