Shanga za Tabora na Sarafu za Leo

Ndugu mfanyakazi atoaye akiba yake benki ili akachuuze bitikoini, na akumbuke Tabora. Katika karne ya 19, fedha ya njia ya misafara ilikuwa merikani na shanga. Wenyeji wakiikataa rangi, mzigo mzima hukosa thamani, na hasara ni ya mwenye mali. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Hata hivyo, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya mali za kidijiti. Kodi si dhamana! Muuzaji akipokea shilingi zako akatoweka, utamdai nani? Sisi twaona kwamba Serikali, ikiisha kuitoza biashara hii, yapaswa kuitungia sheria ya kuwalinda wanunuzi, wala isingoje akiba za watu zipotee kwanza.