Vuta kiti kabla ya kung'oa waya

Wazazi wengi wa mjini wakimkuta mtoto akicheza kwenye kompyuta, jambo la kwanza ni kung'oa waya. Hata mimi nilikuwa hivyo. Likizo iliyopita nilimfokea mwanangu wa miaka 15 kwa kucheza mchezo uitwao Celeste, uliotolewa mwaka wa 2018. Machoni pangu haukuwa na tofauti na Super Mario Bros. wa mwaka wa 1985: picha za vidoadoa, kijitu kinaruka, kinaanguka, kinaanza tena.

"Baba, keti kwanza utazame," aliniambia.

Niliketi. Msichana aitwaye Madeline anapanda mlima huku akiandamwa na wasiwasi. Akiwa ndani ya kigari kinachoning'inia kwenye waya, hofu inamkaba hata anashindwa kupumua. Mwenzake anamwambia awazie unyoya, kisha avute pumzi na kuitoa polepole ili usianguke. Mwanangu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia hufanya hivyo kabla ya mtihani. Sikujua kamwe kuwa mtihani humkaba hivyo.

Kupumua polepole ni njia ambayo washauri wa afya ya akili hufundisha. Aidha, katika mchezo huu Madeline hufa mara mamia, na kila mara hurudishwa papo hapo karibu na alipoangukia. Mchezaji anayelemewa huruhusiwa kupunguza kasi. Je, sisi wazazi huwapa watoto wetu nafasi kama hiyo wanapoanguka mtihani?

Sisemi kwamba michezo hii haina madhara. Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wake katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka wa 2022. Dalili ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto aliyefikia hapo anahitaji daktari, si kiboko. Wala mchezo si dawa: wasiwasi usiokwisha upelekwe kwa mtaalamu.

Lakini kabla ya kung'oa waya, mzazi mwenzangu, vuta kiti uulize. Mimi nimeishi na mwanangu miaka 15, na hofu yake nimeijua kwa kumtazama akicheza.