Mgeni Aliyeachwa Sebuleni



Wapendwa taifa la Mungu, katika nyumba nyingi tunazoingia hapa Sekei, tukipita kubariki au kuwapelekea wagonjwa Komunyo, Biblia tunaikuta. Ipo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, pengine ingali ndani ya mfuko wake wa nailoni tangu siku ya Kipaimara au ya ndoa. Hatusemi haya kwa dhihaka, kwa maana kitambaa kile ni alama ya heshima. Lakini ni heshima apewayo mgeni aliyekaribishwa, akapewa kiti, kisha wenyeji wakaenda zao jikoni.

Ndivyo ilivyokuwa Bethania. Martha alimpokea Bwana nyumbani kwake, tena kwa moyo mweupe, ila akazongwa na shughuli. Mariamu ndiye aliyeketi akasikiliza (Lk 10:38-42). Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno la Mungu nalo likikaa nyumbani hudai jembe. Litamwuliza mwenye duka juu ya mizani yake. Litawaendea ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba la migomba kule mlimani, kila mmoja na Rozari yake shingoni. Tunashuku kwamba hii ndiyo sababu mojawapo ya kitambaa kile kutoondolewa.

Tena mgeni huyu hakutufikia kwa safari nyepesi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Kiprotestanti, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka huohuo pia alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Askofu Edward Steere wa Zanzibar aliiendeleza kazi ya kutafsiri kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1882 kabla Biblia nzima haijatoka. Kwetu Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, ulitaka waamini wote wawe na njia nyepesi ya kuyafikia Maandiko. Hayati Papa Fransisko naye, mwaka 2019, aliitenga Dominika ya tatu ya Mwaka iwe Dominika ya Neno la Mungu.

Basi mlango umefunguliwa. Nani anaingia? Katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu Injili husomwa kwa dakika tano, na michango hujadiliwa nusu saa nzima. Michango ina haki yake, maana paa la kanisa haliezekwi kwa Zaburi. Lakini kijana akiulizwa na jirani yake Mlokole juu ya imani yake, naye hana la kujibu, siku moja atamfuata anayejibu. Wapo waliokwisha kwenda. Kabla ya kuwalaumu, tujiulize walipewa chakula gani mezani petu. Na yule anayetuambia kwamba Biblia ni mambo ya Walokole, tunamkatalia kabisa: katika kila Misa Takatifu hatufiki kwenye Meza ya Ekaristi kabla ya kupita kwenye Meza ya Neno.

Wengine hutujibu kwamba siku hizi Biblia imo katika simu. Ni vema, na tunaitumia sisi pia. Ila aya moja iliyotumwa alfajiri, ikasomwa na kusambazwa kwa wengine kabla haijatafunwa, ni sawa na kumsalimia mgeni langoni na kushika njia.

Tunapendekeza jambo dogo. Jumamosi jioni, Injili ya Dominika isomwe nyumbani kwa sauti, mmoja wa watoto akisoma, ili bibi asiyejua kusoma naye asikie. Pawe na kimya kidogo. Kisha kila mmoja ataje neno lililomgusa, bila kuhubiriana wala kusutana. Katika jumuiya Injili isomwe mara mbili, wanajumuiya waitafakari, na daftari la michango lisubiri hadi hapo. Wale watakaosoma masomo altareni wayaombe mapema, wasiyaone kwa mara ya kwanza mbele ya waamini. Kitambaa si lazima kitupwe. Chaweza kufunika chupa ya chai.