Haki ya Habari Isipokonywe

Ni ada kongwe ya watu wa Lamu kuketi barazani baada ya sala ya alasiri wakipokezana habari za redio na za simu; lakini baadhi ya wenzetu, kwa kuchoshwa na uzushi, hudhani kwamba serikali ikivizima vyombo vya habari, kama ilivyozima baadhi ya vituo vya televisheni Januari 2018, fitina itakoma. La hasha! Tazameni mfano wa hapa kwetu Lamu: leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilibatilishwa Juni 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo; habari za uamuzi huo zingalifikaje Faza na Kizingitini lau waandishi wangalinyamazishwa? Kifungu cha 34 cha Katiba kimewahifadhi. Nasi, enyi ndugu, tuitetee hifadhi hiyo.