UTAFITI WA DAMU SI ANASA

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba utafiti wa maradhi ya damu, na khasa saratani ya damu, ni anasa ya mataifa tajiri. Na kwamba nchi inayopigania maji safi na dawa za kawaida haina nafasi ya kushughulika na mambo hayo. Sisi hatukubaliani na rai hiyo, na historia ya Afrika yenyewe inaikanusha.

Mwaka 1964 daktari kijana kutoka Italia, Lucio Luzzatto, alikwenda kufanya kazi Ibadan, Nigeria, akakaa huko takriban miaka kumi. Alichunguza damu ya watu waliomzunguka. Si wachache kati yao waliokuwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu ya damu isiharibike. Mtoto wa kiume huurithi upungufu huu kwa mama yake.

Mwaka 1969 Luzzatto na wenzake, Usanga na Reddy, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake wenye chembe za namna mbili, nzima na pungufu, katika damu moja. Vijidudu vya malaria vilionekana zaidi ndani ya chembe nzima. Hapo ikadhihirika kwa nini upungufu huu umeenea katika nchi za malaria: ndani yake mna kinga. Lakini kinga hiyo ina gharama yake, kwani zipo dawa zinazoweza kuzivunja chembe za damu za mwenye upungufu huo.

Mwaka 1970, pamoja na Oni na Osunkoya, aliitumia alama hiyo hiyo ya G6PD kuchunguza maradhi adimu ambayo chembe nyekundu huvunjika na mkojo ukawa mweusi. Walibaini kwamba chembe mbovu zote zilikuwa kizazi cha chembe moja tu. Jambo hilo si dogo. Saratani ya damu nayo huanza hivyo: chembe moja huharibika, ikazaana bila ya kiasi, mpaka ikazisonga zilizo nzima. Kwa kuijua kasoro mahsusi ya chembe hiyo ndipo ilipopatikana imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa aina moja sugu ya saratani ya damu.

Baada ya kufanya kazi London na New York, bingwa huyo alikuja kufundisha Muhimbili, Dar es Salaam. Elimu hii, basi, haiko mbali nasi.

Visiwa vyetu vina funzo la kuchukua hapa. Dawa ya malaria iitwayo Lapdap, iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya kubainika kwamba iliwapunguzia damu kwa hatari wagonjwa wenye upungufu wa G6PD. Mwaka 2010 Luzzatto aliandika juu ya mkasa huo ili uwe somo. Malaria imepungua sana Unguja na Pemba, nasi tunajivunia. Lakini mbu akiondoka, urithi wa damu haondoki nao. Unabaki kwa watoto na wajukuu.

Kwa hivyo tunawakumbusha viongozi wa afya kwamba hawana budi kuhakikisha kipimo cha G6PD kinapatikana pale mgonjwa anapotakiwa kupewa dapsoni, au primakwini ya siku nyingi. Maabara ya wilaya isiyo na vitendanishi ni chumba tu chenye kibao mlangoni. Aidha, vijana wetu wanaosomea udaktari wapewe nafasi ya kufanya utafiti hapa hapa, kama wale wa Ibadan.

Kwa upande wa wananchi, mtoto anayepauka, anayetokwa na damu puani mara kwa mara, au mwenye homa isiyokwisha, asifichwe ndani kwa kudhaniwa kuwa amepatwa na husuda au shetani. Dua iombwe, na hospitali iendewe. Moja haizuii nyingine. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nao wenye afya wajitokeze kuchangia damu, kwani mgonjwa wa saratani ya damu haishi kwa dawa peke yake.

Taifa lisiloichunguza damu ya watu wake litatibiwa kwa kubahatisha. Hatukujitawala ili tubahatishe.